Maswali ya Wasomaji: Kulinda Mayai na Watoto wa Kobe Katika Zizi la Nje

Baada ya safu hii kueleza namna ya kujenga zizi la kobe uani, barua zilizofuata hazikuuliza tena juu ya ukuta wala kivuli. Ziliuliza la kufanya pale jike anapochimba shimo, akataga, akafukia na kwenda zake. Nimechagua nne ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Nawakumbusha wasomaji wa Tanzania na Kenya kwamba kobe wa porini ni mali inayolindwa na sheria za wanyamapori, ile ya Tanzania ya mwaka 2009 na ile ya Kenya ya mwaka 2013, na kwamba kibali hutangulia ufugaji. Yote ninayoyasema hapa ni kwa ajili ya wale waliokwisha kupata vibali vyao.

Mayai yamefukuliwa mwaka jana; je, mwaka huu tuyahamishe?

*Ndugu Mshauri, hapa Morogoro tunafuga kobe wanne wa madoa kwa kibali, majike watatu na dume mmoja. Mwaka jana jike mkubwa alitaga karibu na bustani ya maua. Jumapili moja tuliporudi kutoka kanisani tulikuta shimo limefukuliwa na maganda yamevunjikavunjika kando ya mawe ya bustani. Wiki iliyopita ametaga tena, hatua chache tu kutoka pale pale. Mume wangu anataka tuyafukue tuyapeleke kwenye mashine ya jirani ya kutotolesha vifaranga vya kuku. Mimi moyo wangu unasita. Tufanyeje?*

Dada yangu, katika jambo hili naungana nawe: yaacheni mayai mahali mama yao alipoyaweka, kisha jengeni kinga juu yake. Sababu ya kwanza ni hiyo mashine yenyewe. Mashine ya kuku huwekwa kwenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi, na hugeuza mayai mara kadhaa kwa siku kwa kuwa kiinitete cha kuku, yaani kifaranga kinachoanza kukua ndani ya yai, kinahitaji kugeuzwa. Yai la kobe haliwezi kustahimili hata moja kati ya hayo mawili. Joto linalozidi nyuzi 35 kwa muda mrefu huua kiinitete cha kobe au humzalisha mtoto mwenye kasoro za gamba. Kugeuza nako kuna madhara yake. Ndani ya yai la kuku kiini hushikiliwa katikati na nyuzi mbili za ute, ambazo hukiruhusu kuzunguka kila yai linapogeuzwa, lakini yai la kobe halina nyuzi hizo. Katika siku ya kwanza hivi baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye utando ulio chini ya ganda, upande wa juu, na tangu hapo upande huo lazima ubaki juu hadi mwisho. Mayai yenu yamekwisha kukaa udongoni wiki nzima, kwa hiyo yamo katika kipindi ambacho mkono wa mtu unaweza kuyaharibu bila ganda hata moja kupasuka.

Sababu ya pili ni kwamba jike wa kobe wa madoa huchagua mahali kwa uangalifu kuliko tunavyodhani. Hutafuta penye jua na pasipotuama maji, hulainisha udongo kwa mkojo wake, huchimba kwa miguu ya nyuma, na anapokuwa ametaga mayai yake, ambayo huwa kati ya 5 na 30, hufukia shimo na kulishindilia kwa kuinua mwili na kuuachia ushuke juu ya udongo mara nyingi. Akimaliza hapo hamwezi hata kuona kwamba ardhi iliguswa. Ila harudi tena kuyatazama, na ndiyo maana ulinzi wa miezi inayofuata umo mikononi mwenu.

Maelezo yako ya maganda kuvunjikia kwenye mawe, tena mchana, yananifanya nimshuku nguchiro mwenye miraba. Mnyama huyu akishindwa kulipasua yai kwa meno hulishika kwa miguu ya mbele, huligeuzia jiwe mgongo, na kulirusha kwa nyuma kupitia katikati ya miguu yake mpaka lipasuke. Kwa kuwa hutembea kwa makundi, kundi moja linatosha kumaliza kiota kizima kabla ibada haijaisha. Kenge naye hufukua mchana, ila yeye humeza, hivyo hangewaachia maganda mengi kiasi hicho. Ngawa, panya na mbwa wa jirani hufanya kazi yao usiku.

Kinga inayowazuia wote hao ni kizimba cha kiota. Tengenezeni fremu ya mbao ya mita moja kwa mita moja, yenye kimo cha sentimita 30 hadi 40, iliyo wazi chini na iliyofunikwa kwa wavu wa waya pande zote nne na juu. Msitumie wavu wa kawaida wa kuku wenye matundu ya pembe sita, kwa sababu panya hupenya humo na waya wake mwembamba huliwa na kutu upesi. Tafuteni wavu wa waya mnene uliopakwa zinki, wenye matundu ya mraba yasiyozidi nusu inchi. Wavu wa pembeni uendelee chini ya fremu hadi sentimita 20 au 30 ndani ya ardhi, na ncha yake ikunjwe kuelekea nje, ili mnyama anayechimba akutane nao kila anapojaribu. Chimbeni mfereji huo polepole kwa mwiko wa bustani, mkianzia mbali na kiota, maana hamjui vizuri mayai yameenea hadi wapi chini ya udongo. Kifuniko kiwe na bawaba na komeo.

Kizimba hicho kitawazuia pia majike wenu wengine wawili. Watu wengi husahau jambo hili. Mahali penye jua na udongo mzuri hupendwa na kila jike, na anayekuja kutaga baadaye hufukua mayai ya mwenzake na kuyavunja bila kukusudia.

Msiezeke bati wala plastiki juu ya kizimba kwa nia ya kuyakinga mayai na mvua. Udongo uliokauka kabisa hunyonya unyevu wa yai, na kivuli hupunguza joto la kiota, jambo ambalo lina matokeo makubwa zaidi ya watu wanavyodhani: kwa kobe wa aina nyingi, jinsia ya mtoto huamuliwa na joto la udongo katika sehemu ya kati ya kipindi cha kuatamiwa. Penye joto la karibu nyuzi 31 na zaidi hutoka majike wengi, na penye joto lililo chini ya nyuzi 28 hutoka madume wengi. Mfugaji anayefunika kila kiota kwa bati anaweza kujikuta baada ya miaka kadhaa ana kundi la madume yanayopigana.

Wavu hauwezi kuwazuia siafu. Fyekeni majani marefu na ondoeni takataka zinazooza kandokando ya kizimba, mkazungushe jivu kavu kwa nje, mkilibadilisha kila linapolowa, na katika majira ya mvua mpite na tochi usiku kabla ya kulala. Nawasihi msimwage mafuta ya taa wala dawa ya kuua wadudu karibu na kiota. Yai linapumua kupitia ganda lake, na mvuke wa sumu unaopenya udongoni unaweza kulidhuru.

Huko kwenu, kuyahamisha mayai ya kobe kunafaa katika hali mbili tu: maji yanapotuama juu ya kiota, au jike anapotaga kwenye njia ya magari au penye msingi unaochimbwa. Ikitokea hivyo siku zijazo, fanyeni kazi hiyo katika saa chache za kwanza. Fukueni kwa vidole, wekeni alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kuliinua, liinueni bila kulizungusha, mlilaze katika chombo chenye mchanga wenye unyevu kidogo huku alama ikitazama juu, na mlizike upya kwa kina kile kile mahali palipo salama.

Kisha subirini. Kobe wa madoa huchukua miezi 8 hadi 15 udongoni kutegemea joto na unyevu, na hata wakishatotolewa wanaweza kubaki chini ya ardhi wakingoja mvua iulainishe udongo. Kama udongo wenu ni wa mfinyanzi na miezi tisa imepita bila mvua, mwagilieni maji ndani ya kizimba kwa kopo la bustani mara moja kwa wiki, taratibu, ili watoto wasinaswe chini ya udongo uliogeuka mgumu. Mayai yakishatimiza miezi minane udongoni, kizimba kikaguliwe kila asubuhi, kwani mtoto aliyetoka alfajiri akikosa kivuli ndani ya wavu hatafika adhuhuri. Wekeni humo mapema majani makavu ya kutosha na kigae cha chungu cha kujificha chini yake.

Kwa nini watoto wa kobe wa Changuu wamezungushiwa uzio?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Unguja. Tulipokwenda kisiwa cha Changuu na shule yetu tuliwaona kobe wakubwa wakitembea huru, lakini wadogo walikuwa wamewekwa ndani ya uzio wa waya peke yao. Rafiki yangu anasema ni ukatili. Mwalimu, ni kweli?*

Marahaba, mwanangu. Mwambie rafiki yako kwamba uzio ule ndio uliowabakiza kobe kisiwani. Kobe wa kwanza wanne walifika Changuu mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli, na kufikia mwaka 1955 walikuwa wameongezeka hadi kiasi cha 200. Baadaye watu walianza kuwaiba na kuwauza, wengine nchi za nje kama wanyama wa kufugwa na wengine kama kitoweo. Mwaka 1988 walikuwa wamebaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 walikuwa 7 tu. Mwaka huo huo watoto 80 walipelekwa kisiwani ili kuwaongeza, na 40 kati yao wakatoweka. Ndipo Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa shirika moja la kimataifa la kutetea wanyama, ilipojenga eneo kubwa lenye uzio, na kufikia mwaka 2000 walikuwapo kobe wazima 17, vijana 50 na watoto 90.

Yafikirie hayo vizuri. Watoto wale wa mwaka 1996 walikuwa katika kisiwa kilichozungukwa na bahari pande zote, mahali ambapo mtu angedhani hapahitaji ukuta, na bado nusu yao walipotea. Mtoto wa kobe hutoshea mfukoni, hapigi kelele, hakimbii. Kobe mkubwa wa aina ile anaweza kupita kilo 200, hivyo si rahisi kumbeba, lakini uzito huo huo humfanya awe hatari kwa mdogo akimkanyaga. Ongeza panya, na kunguru weusi walioletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, ambao hudonoa kila kilicho kidogo na chenye mwendo wa polepole. Uzio wa waya unaopitisha jua, mvua na hewa, wenye majani ya kula na kivuli cha kutosha ndani yake, hauwanyimi watoto wale kitu wanachokihitaji.

Rakuni na sisimizi wa moto Texas

*Kaka Mshauri, naandika kutoka Houston, ingawa kwetu ni Tanga. Kwenye ua wa nyumba yangu nina kobe watatu wa Kimarekani wa aina ile inayoweza kujifungia kabisa ndani ya gamba. Jike mmoja ametaga mwezi Mei, mayai manne, nami nilimwona akifanya hivyo jioni. Nina hofu mbili: rakuni, wanyamapori wa huku wanaozurura usiku, ambao wameshafungua pipa langu la taka mara nyingi, na sisimizi wadogo wekundu ambao wamejaa kila mahali. Dume nilimpa rafiki yangu miaka miwili iliyopita, kwa hiyo sijui hata kama mayai yana mbegu. Wakitoka salama, ningependa kuwauza kwa wazazi wa watoto wanaosoma na wanangu.*

Kaka, nianze na hilo la dume. Usiyatupe mayai. Jike wa aina hii anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini mwake na kuzitumia hata baada ya miaka minne, kwa hiyo miaka miwili si kitu.

Mayai ya kobe wako ni tofauti na yale ya dada wa Morogoro. Ganda lake si gumu. Ni laini kama ngozi, hunyonya maji ya udongo na yai huvimba kadiri siku zinavyokwenda, na ndiyo maana ukavu huyaua upesi zaidi. Muda wake nao ni mfupi: siku 70 hadi 90 hivi, maana yake utegemee watoto mwezi Agosti au mwanzoni mwa vuli la huko. Wengine hukaa kiotani baridi yote na kutoka majira ya machipuko, kwa hiyo usifukue kwa haraka eti kwa sababu Septemba imepita.

Kwa rakuni, kizimba nilichokieleza hapo juu kinafaa, ila kwa nyongeza mbili. Rakuni ana vidole vyepesi kama vya mtu, na komeo la kusukuma tu halimsumbui. Tumia kufuli, au ndoana ya chemchemi inayohitaji kubanwa na kuvutwa kwa wakati mmoja. Pia huingiza mkono kupitia matundu na kumvuta mnyama aliye ndani hadi amkate mguu, hivyo matundu ya nusu inchi ni ya lazima, na pale watoto watakapokaa wavu uwe wa tabaka mbili zilizoachana kidogo. Usiache chakula cha paka nje usiku. Huo ndio mwaliko unaomleta uani kwako.

Juu ya sisimizi wa moto, shauri langu kwako ni kinyume cha nililompa dada yetu. Sisimizi hao walitoka Amerika ya Kusini na kuingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, katika miaka ya 1930, na kobe wa huko hawakuumbwa kuishi nao. Mtoto anapotoboa ganda hubaki ndani ya yai siku moja hata tatu akinyonya kiini kilichosalia, na katika saa hizo unyevu na harufu vinawaita sisimizi kwa mamia. Wavu haumfai kitu. Kwa hiyo katika ua kama wako, ambako umemwona jike akitaga na unajua mayai yalipo, ningeyahamisha usiku ule ule, na kama bado hujafanya hivyo unaweza kuyahamisha sasa kwa uangalifu mkubwa bila kuyageuza hata kidogo, kwani hatari ya kuyaacha imezidi hatari ya kuyagusa.

Yaweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo machache, juu ya vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika unyevu) au mchanga uliochanganywa na majani yaliyooza, wenye unyevu unaoshikamana ukifinywa lakini usiotoa tone la maji. Chombo hicho kikae juu ya matofali mawili ndani ya beseni lenye maji, kikizungukwa na maji pande zote bila kugusa ukuta wa beseni. Kiweke chumbani au barazani penye kivuli, joto likiwa kati ya nyuzi 26 na 29, na kukagua iwe mara moja kwa siku chache. Zile dawa za chambo za kuua makundi ya sisimizi uziweke nje ya zizi tu, tena mbali, kwa sababu kobe wako hula wadudu na atawala hao hao waliokula sumu.

Kuhusu kuwauza, jibu ni hapana. Sheria ya shirikisho ya huko, tangu mwaka 1975, inakataza kuuza kobe ambaye gamba lake halijafika inchi 4 kwa urefu, yaani kama sentimita 10, na mayai yake pia. Iliwekwa kwa sababu watoto wengi waliambukizwa salmonela, bakteria wanaoleta kuhara na homa, kwa kuwashika kobe wadogo na kuwatia mdomoni. Majimbo nayo yana sheria zake juu ya kobe wa asili, na ni vizuri uulize idara ya wanyamapori ya Texas kabla hata ya kuwagawa bure. Wala usiwaachie msituni, kwani kobe aliyekulia uani anaweza kubeba maradhi ambayo wenzake wa porini hawana kinga nayo.

Watoto tisa wametoka, sasa je?

*Ndugu Mhariri, hapa Mombasa kobe wetu wa madoa wametotoa. Tumehesabu watoto tisa asubuhi baada ya mvua. Wawili wana kitu cha manjano kilichovimba chini ya tumbo. Mke wangu anasema tuwaache na wazazi wao ili wafunzwe kula, na binti yetu wa miaka minne hataki kuwaachia mikononi. Kibali chetu cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kinataja wazazi tu. Naomba mwongozo kamili.*

Hongereni sana, ndugu yangu. Tuanze na hao wawili, maana ndio wenye haraka. Kile cha manjano ni kiini kilichobaki, na ndicho chakula chao cha siku za kwanza. Msikivute, msikikate, msikifunge kwa uzi. Walazeni kwenye chombo safi kilichotandikwa karatasi laini ya jikoni iliyoloweshwa, penye kivuli na joto la kawaida la Mombasa, pasipo mchanga wala majani makavu yatakayoking'ang'ania, na mbadilishe karatasi hiyo kila siku. Kitafyonzwa chenyewe ndani ya siku chache, na utando wa tumbo utafunga. Mkiona kimepasuka au kinatoa harufu, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa heshima zote kwa mkeo, kobe hawafunzi watoto wao chochote. Mzazi hamtambui mtoto wake, na dume wakati wa kupandana husukuma na kugonga kila kilicho mbele yake. Watenganisheni leo. Wajengeeni zizi dogo lao wenyewe, kama mita mbili kwa moja, ndani ya ua na karibu na dirisha mnalolipita mara kwa mara, lenye ukuta wa matofali au mbao usiopitisha macho, kwa sababu kobe anayeona nje hutembea kando ya uzio siku nzima akitafuta njia. Juu lifunikwe lote kwa wavu, bila kuacha pembe. Mombasa kunguru ni wengi mno, na hushuka mara mwenye nyumba anapoingia ndani. Paka na kuku wenu wenyewe msiwaamini: kuku hudonoa macho na miguu ya mtoto wa kobe kama anavyodonoa mdudu.

Ndani ya zizi pawe na jua upande mmoja na kivuli kizito upande mwingine, nyasi hai, na rundo la majani makavu yenye unyevu ambamo watoto watajichimbia. Unyevu huo mnaweza kuuona si jambo kubwa, nami nataka mlichukulie kwa uzito. Wafugaji wengi waliwahi kuamini kwamba kobe wa nchi kavu lazima akulie pakavu, na magamba ya kobe wao yakaota vilima virefu kila kipande. Leo inajulikana kwamba ukavu katika miaka ya mwanzo ndio chanzo kikubwa cha vilima hivyo. Porini mtoto wa kobe haonekani mchana, hukaa chini ya mashina ya nyasi ambako umande haukauki. Nyunyizeni maji upande wa kivuli asubuhi na jioni, na mara tatu au nne kwa wiki muwaweke watoto kwenye sinia lenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chao, kwa dakika 15 hivi, mkisimama hapo hapo. Chombo cha maji cha kudumu kiwe kigae kipana kisicho na kingo, kilichozikwa sawa na ardhi. Watoto wengi wa kobe hufa kwa kupinduka chali juani au ndani ya maji machache, kwa hiyo sawazisheni ardhi na ondoeni kila jiwe lenye ukingo mkali.

Wapeni nyasi changa, majani ya mahindi yaliyo laini, majani na maua ya haibiskasi, na mpungate uliotolewa miiba. Mchicha uwe mara moja moja, kwa kuwa una kemikali inayoshika kalisi isifike mifupani. Matunda, mkate, wali na maziwa wasipewe kabisa. Mfupa wa ngisi unaookotwa ufuoni, ukioshwa na kuanikwa vizuri, wekeni zizini wautafune wenyewe kwa ajili ya kalisi. Jua liwafikie moja kwa moja kila siku, si kupitia kioo, maana kioo huzuia mionzi inayowawezesha kuitumia kalisi hiyo.

Binti yenu aruhusiwe kuwatazama na kuwarushia majani, lakini asiwashike, angalau mpaka akue na aweze kunawa mikono kwa sabuni bila kukumbushwa. Salmonela hukaa katika kinyesi cha kobe mwenye afya tele bila dalili yoyote, na watoto walio chini ya miaka mitano ndio huugua vibaya. Sinia la kuwaogeshea lisioshewe kwenye sinki la jikoni.

Juu ya kibali, andikieni ofisi ya KWS iliyo karibu nanyi wiki hii hii, mkitaja tarehe na idadi, na mtunze nakala ya barua hiyo. Pigeni picha ya tumbo la kila mtoto, kwa sababu madoa yake hutofautiana na yatawasaidia kumtambua mmoja mmoja, kisha mpime uzito wao kwa mizani ya jikoni mliyoitenga kwa kazi hiyo, mara moja kwa wiki, mkiandika kwenye daftari. Anayepungua uzito wiki mbili mfululizo atengwe na aonwe na daktari. Msiwarudishe kwa wazazi kabla gamba halijawa gumu chini ya kidole na urefu wake haujapita sentimita 15, na hilo litachukua miaka kadhaa. Siku hiyo ikifika, waanzeni na majike tu, na mkae nao asubuhi nzima.